Kutoka Ijumaa Usiku Hadi Jumatatu Usiku: Mwongozo wa Mwenye Nyumba kwa Wapangaji Wake Wanachuo

Jumapili moja, adhana ya alfajiri imekwisha punde tu, mlango wangu uligongwa. Alikuwa mpangaji wa chumba namba saba, binti wa mwaka wa pili, leso begani, macho mekundu. "Somo, niazime mia mbili. Mkopo wa chuo wa HELB ukiingia nitakurudishia." Nikamuuliza za nini. Akainama kutazama kandambili zake. "Za P2." Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba.

Nikampa. Kisha nikamuuliza swali ambalo niliwauliza watu miaka mingi nikiwa mshauri nasaha kwenye vyumba vya kupimia virusi vya Ukimwi hapa Mombasa, kabla sijastaafu nikabaki kukusanya kodi ya nyumba hapa Tudor: "Na PEP je?" Akanikodolea macho kama nimemtajia mtu asiyemjua.

Huyo binti anasomea mambo ya maabara. Mpe karatasi ya mtihani, atakueleza virusi vinavyoingia kwenye chembe za kinga za CD4 mpaka ukurasa ujae. Anajua P2 ina saa 72. Hakujua kwamba PEP, dawa za kuzuia virusi visikae mwilini baada ya hatari, nayo ina saa zizo hizo 72. Mimba anaiogopa kwa sababu itaonekana nyumbani kabla ya Idi. Virusi havionekani, basi havimnyimi usingizi. Sisi wa enzi zetu ilikuwa kinyume. Mwaka 1999, Rais Moi alipoutangaza Ukimwi kuwa janga la taifa, tulikuwa tumeshachoka kwenda mazikoni, na mimba tuliiona jambo dogo.

Kwa hiyo sitawafundisha Ukimwi ni nini. Hilo mnalijua kunishinda. Nitawaambia la kufanya na saa zenu, na nitaanza na saa mbaya, maana ndiyo yenye haraka.

Limeshatokea: andika saa

Kondomu imepasuka, au haikuwapo, au hukumbuki vizuri kwa sababu ya pombe. Usijioshe ndani kwa sabuni, ndimu wala dawa ya kusafishia choo (nimeyaona yote hayo). Kuosha ndani hakutoi virusi, kunachubua tu. Chukua simu, andika saa iliyotokea. Kama ilikuwa Ijumaa saa tano usiku, mwisho wako ni Jumatatu saa tano usiku.

Lakini huo ni mwisho, si miadi. Virusi vikiingia mwilini havisambai papo hapo. Huchukua siku chache kutoka pale vilipoingilia mpaka vijipenyeze kwenye damu na tezi na kukaa moja kwa moja. PEP ni dawa za kuvizuia vingali kizingitini. Kidonge cha saa ya nne kina nguvu kuliko cha saa ya sitini, na baada ya saa 72 hawakupi, kwa kuwa havipo tena kizingitini. Wanafunzi ninaowajua mimi hupoteza Jumamosi wakilia, Jumapili wakiulizana kwenye simu, Jumatatu wana CAT, mtihani wa katikati ya muhula, halafu Jumanne ndiyo wanakuja kwangu.

Wikendi zahanati nyingi ndogo zimefunga. Kitengo cha dharura cha hospitali kubwa hakifungi. Kwa sisi wa Tudor, Coast General, ile wazee wanayoiita Makadara, ni mwendo mfupi tu kwa tuktuk. Jambo moja la kuangalia: tangu Marekani iliposimamisha misaada mapema mwaka 2025, vituo vingi vilivyokuwa vikihudumia vijana peke yao vimefungwa au vimeunganishwa na huduma za wagonjwa wa nje. Kile chumba ulichoelekezwa na dada yako aliyemaliza chuo mwaka 2023 huenda sasa kina mafaili matupu. Piga simu kabla ya kwenda, na kama hupati jibu, nenda moja kwa moja dharura.

Ukifika dirishani, usiseme "nataka kupimwa." Utapewa namba na benchi. Sema hivi, kwa sauti ya kawaida: "Nahitaji PEP. Zimepita saa (taja ngapi) tangu nilipopata hatari." Neno PEP na idadi ya saa ndivyo vitakavyokupitisha mbele. Akikuuliza mtu wa dirishani ulikuwa na nani na kwa nini, mwambie utaeleza ndani. Si haki yake kujua, na foleni nzima inasikiliza.

Ndani watakupima kwanza. Usikasirike, kama tayari unavyo virusi tangu zamani, PEP haikufai, unahitaji matibabu kamili. Watakuuliza kuhusu figo na homa ya ini aina ya B, huenda wakatoa damu kwa ajili hiyo. Kisha utapewa dawa za siku 28. Siku hizi kwa watu wengi ni kidonge kimoja kwa siku. Kama umemeza P2 au una nia ya kuimeza, waambie. Hiyo inazuia mimba, hii inazuia virusi, wala hakuna inayofanya kazi ya mwenzake. Waambie pia kama unatumia vidonge vya kuongeza damu au dawa ya kiungulia, kwa sababu baadhi ya hizo zikimezwa pamoja na dawa hii huipunguzia nguvu, na inabidi utenganishe saa.

Siku za mwanzo huenda ukasikia kichefuchefu, kichwa, usingizi wa kuruka-ruka na ndoto za ajabu. Hapo ndipo wengi huacha, siku ya nane au ya tisa. Kichefuchefu hupungua ukimeza na chakula. Namba saba alikuwa anameza saa mbili asubuhi na mahamri mawili na mbaazi za hapo kona, na tukakubaliana anitumie alama ya tiki kwenye simu kila akimeza. Siku tatu alisahau, nikaenda kumgongea. Tafuta mtu wa kukugongea. Ukiwa umefunga, kidonge kimoja kwa siku hakivunji hesabu yako: meza baada ya futari au wakati wa daku, saa ile ile kila siku.

Ukimaliza, rudi upimwe, na upimwe tena miezi 3 baada ya lile tukio. Katikati ya muda huo tumia kondomu kila mara, au tulia.

Kama hukukubali, kama ulilazimishwa au ulilewa usijiweze, saa 72 ni zile zile lakini mengine yanabadilika. Usioge, usibadili nguo. Ukilazimika kubadili, ziweke kwenye karatasi au bahasha, usitie kwenye mfuko wa plastiki. Hospitali ije kwanza, polisi baadaye. Matibabu hayasubiri ripoti ya polisi. Namba 1195 ni ya bure kwa waliodhulumiwa, na 116 ni ya watoto.

Nimekaa sana hapa, na sababu ninayo. Mwaka 2009 alikuja msichana kwenye chumba changu, siku iliyofuata tu. Wakati huo tulizoea kuiona PEP kama kitu cha muuguzi aliyejichoma sindano au cha aliyebakwa. Mimi nikampima, akawa hana, nikampa maneno mazuri na kondomu kumi, nikamwambia arudi baada ya miezi mitatu. Akarudi.

Ijumaa mchana, akili ikiwa bado yako

Mtu akiniuliza kinga kubwa ya mwanachuo wa Mombasa ni ipi, simwambii kondomu kwanza. Namwambia nauli. Mmekwenda kustarehe Mtwapa, ng'ambo ya daraja, watu sita kwa gari la rafiki wa rafiki. Saa nane usiku gari limeondoka na wengine, simu ina chaji asilimia nne, mfukoni una shilingi sabini. Mtu mmoja ana chumba karibu. Hapo hujaamua kulala naye. Umeamuliwa na daraja la Mtwapa. Nimesikiliza hadithi hii kwa miaka, na karibu kila mara palipokosekana kitu, kilichokosekana kilikuwa mia tano.

Basi kabla ya kutoka, mia tano ya noti, si ya kwenye simu, iweke nyuma ya kava la simu na uiite si yako. Patana na mwenzako mmoja kwamba mtarudi pamoja, na mpatane mapema, mnapopaka wanja, si saa sita mziki umekolea. Wa Likoni wana nafuu, feri haimlipishi mtu wa miguu, lakini kutoka kivukoni mpaka nyumbani nayo ni safari.

Pombe na muguka mimi si kadhi. Nitasema tu kwamba muguka unakukesheza na pombe inakulegeza, na mtu aliyekesha hali amelegea hawezi kuvaa kondomu hata akiwa nayo. Kama utatumia, basi maamuzi yote yafanye kabla.

Sasa kondomu. Mmefundishwa kwa ndizi shuleni, mkacheka, mkatoka. Mambo yanayowaangusha hapa kwetu ni mengine. Joto, kwanza. Kondomu iliyokaa mwezi kwenye pochi ya mfuko wa nyuma, katika jua la Mombasa, umeikalia kwenye matatu kila siku, hiyo imeshakufa. Weka nyumbani penye kivuli, toka na mbili za usiku huo. Soma tarehe. Bonyeza pakiti usikie hewa ndani. Ikiwa bapa kabisa, tupa. Fungua kwa vidole, meno yaachie mishkaki.

Pili, mafuta ya nazi. Najua kila chumba kina chupa. Mafuta ya nazi, mafuta ya mgando, losheni, yote hayo yanadhoofisha mpira kwa dakika chache tu na unapasuka. Kilainishi kiwe cha maji. Maduka ya dawa wanacho, na mara nyingine hospitali hutoa pamoja na kondomu. Kuvaa mbili kwa pamoja usijaribu, zinasuguana zinapasuka zote. Bana ncha kutoa hewa unapovaa, na mkimaliza mwanamume ashike shina ajitoe kabla hajalegea. Kuanza bila halafu kuivaa "karibu na mwisho" hakuna kazi yoyote, na maneno hayo nimeyasikia kutoka kwa wanaosomea uhandisi.

Na maneno ya kumwambia mtu? Mwambie mapema, mkiwa bado mmevaa nguo na mnakula viazi karai. "Mimi bila mpira silali na mtu." Ukisubiri taa izimwe, itakuwa unaomba ruhusa. Akisema humwamini, mwambie kweli, kwamba hata wewe mwenyewe hujiamini mpaka upimwe.

Kipimo cha mlangoni

Huu ni mtindo mpya na unanitia hofu. Tangu mwaka 2017 tuna vipimo vya kujipima mwenyewe, vya kupitisha kijiti kwenye fizi. Ni kitu kizuri. Unapitisha kijiti mara moja fizi ya juu, mara moja ya chini, unakitumbukiza kwenye kichupa, unasubiri dakika 20. Usile wala usinywe robo saa kabla. Usipite dakika 40 kabla ya kusoma. Mstari mmoja kwenye C, hasi. Miwili, hata wa pili ukiwa mwembamba kama uzi, nenda kituoni wakahakikishe kwa vipimo vingine, kwa sababu kijiti peke yake hakimhukumu mtu. Aliye kwenye ARV, dawa za kudhibiti virusi, asikitumie, kinaweza kumdanganya. (Na kabla hamjauliza: kinatafuta askari wa mwili waliopo kwenye utelezi wa fizi, si virusi. Mate hayaambukizi.)

Tatizo ni kwamba wanachuo wamekigeuza tikiti. Wanapimana Ijumaa saa tatu usiku, wote hasi, wanatupa kondomu chini ya kitanda. Lakini kijiti kinaweza kuchukua hadi miezi 3 kumwona aliyeambukizwa. Kinachosema leo ni habari za zamani. Yule aliyeambukizwa wiki tatu zilizopita atasoma hasi, na hizo wiki za mwanzo ndipo virusi vinakuwa vingi sana mwilini na kuambukiza kwa urahisi mno. Mkitaka kuacha mpira, pimeni leo, tumieni mpira miezi mitatu, msiende nje, pimeni tena.

Chuo hakiwezi kukulazimisha kupimwa ili kikuandikishe, wala ofisi ikuajiri. Sheria ya mwaka 2006 imekataza. Sheria hiyo hiyo inamruhusu hata aliye chini ya miaka 18, akiwa katika hali inayomhatarisha, aandike ridhaa yake mwenyewe ya kupimwa. Wadogo zenu wa sekondari waambieni.

Kwa wale wenye sponsa

Nyumba yangu ina geti, na geti lina mama anayeona. Najua magari yanayosimama hapo nje saa moja jioni. Sitahubiri, kodi mnanilipa na siulizi imetoka wapi. Nitasema la hesabu tu. Mwenzako wa miaka 20 ana historia ya miaka miwili mitatu. Mtu wa miaka 45 ana ya miaka 25, ana mke, na wewe si wa kwanza kupewa simu. Hayo ndiyo yanayowafanya wasichana wetu waambukizwe mapema kuliko wavulana wa rika lao. Tena mwenye kulipa chakula, nywele na chumba, ukimwambia avae mpira anakuuliza nani mwenye duka.

Kama unajua kwamba neno la kondomu kwake halipiti, usitegemee kulisema. Uliza PrEP, dawa ya kujikinga kabla ya hatari. Kenya ilianza kuitoa kwa watu wote walio katika hatari mwaka 2017. Ni kidonge cha kila siku kwa mtu asiye na virusi. Angalau siku 7 za mwanzo usizihesabu kuwa kinga, na ukikiruka-ruka hakikulindi. Hakizuii mimba, kisonono wala kaswende. Lakini hakihitaji ruhusa ya mtu. Kile kichupa kinacheza kikitikiswa kwenye mkoba, jamaa anauliza. Tia pamba ndani, kinanyamaza. Hilo nimefundishwa na wasichana wenyewe.

Kuna pia sindano inayoitwa lenacapavir, ya mara mbili kwa mwaka. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2024, uliofanyika Afrika Kusini na Uganda, wasichana na wanawake 2,134 walichomwa hiyo, hakuambukizwa hata mmoja. Kila ukienda kliniki uliza kama imefika.

Mawili mafupi, yanayozunguka sana huku Pwani. Tohara inampunguzia mwanamume hatari ya kupata virusi kutoka kwa mwanamke kwa kiasi cha asilimia 60. Haimalizi, na haimkingi mwanamke. Na wewe unayehifadhi ubikira kwa ajili ya siku ya harusi ukatoa njia ya nyuma: ngozi ya huko ni laini na huchanika upesi, hatari yake ni kubwa mara nyingi kuliko ya mbele. Shuka itakuwa nyeupe au nyekundu, virusi haviulizi. Tumia mpira na kilainishi cha maji, au subiri kweli.

Mwenzio anayemeza dawa

Katika kila jengo la wanachuo yupo aliyezaliwa na virusi. Kwangu yupo kijana mmoja, dawa zake zimo kwenye mkebe wa majani ya chai juu ya kabati, na saa tatu usiku simu yake hulia mlio wa jogoo. Aliponiambia alikuwa anataka kuhama, kwa sababu anayeishi naye chumba kimoja alikuwa ameanza kuuliza maswali.

Ukiona vidonge vya mtu, hujaona kitu. Anayemeza ARV vizuri mpaka virusi vikawa vichache kiasi kwamba mashine haivioni, hamwambukizi mtu kwa kulala naye. Hilo limethibitishwa kwa maelfu ya wapenzi. Kati ya yeye na yule anayejisifu barazani kwamba "mimi nipo safi, najijua" bila kupimwa tangu kidato cha nne, mimi ningemwogopa wa barazani.

Na kama mwenye vidonge ni wewe: huna deni la kumwambia mwenye nyumba, mhadhiri wala kiongozi wa darasa. Unayelala naye ni jambo jingine. Kamwambie mbele ya mshauri nasaha kama peke yako ulimi unakuwa mzito; tulikuwa tukifanya hivyo mara kwa mara, watu wawili na chai ya tangawizi. Kijana wangu hakuhama. Nilimbadilishia chumba tu, akapata chenye kufuli kwenye kabati.

Namba saba alipimwa miezi mitatu baadaye, akaja kunionyesha karatasi kabla ya kunirudishia mia mbili zangu. Mia mbili bado.

Mkebe wa kondomu uko chini ya ngazi, pembeni ya mita za maji, penye kivuli. Naujaza Alhamisi, kwa sababu Ijumaa nikichelewa kurudi kutoka sokoni Kongowea nawakuta mmeshatoka. Ndani yake nimetia na karatasi ya namba za simu za hospitali, msiichukue, pigeni picha. Ukiukuta mtupu nigongee, hata saa tisa usiku. Nitanung'unika kidogo, lakini nitafungua.